Shangazi Nijibu: Nimeacha Bangi, Mbona Silali?

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinazunguka jambo moja, bangi, na sio za watu wanaouliza ina madhara gani, hapana, ni za watu ambao wameshaamua kuacha na wameacha kweli, alafu wakakutana na kitu ambacho hamna mtu aliyewaambia kabla. Nimechagua chache, nimezifupisha na majina nimetoa. Naanza na ndefu kuliko zote maana humo ndani najua wengi mtajiona.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni kijana wa miaka 27, jani nimeanza toka nasoma, mwanzo ilikuwa wikiendi tu na washkaji alafu ikawa kila siku, miaka hii ya mwisho naamka navuta, jioni navuta, na usiku bila msokoto wa mwisho usingizi hauji kabisa. Nikasema basi imetosha, nikatupa kila kitu. Leo siku ya sita shangazi hali ni mbaya. Silali, nageuka geuka mpaka alfajiri, nikisinzia kidogo naota ndoto za ajabu yaani kama naangalia sinema, naamka shuka limelowa jasho mpaka godoro linashika unyevu. Mchana kichwa kinauma, chakula nikikiona tu kichefuchefu. Alafu hasira, hasira ambazo sijawahi kuwa nazo, juzi nimemjibu bosi vibaya kwa kitu cha kijinga kabisa. Washkaji wanasema bangi haina arosto, yale mateso ya mwili ukiacha kilevi, eti arosto ni ya unga, mi natafuta kisingizio. Mmoja kaniambia vuta nusu tu ulale. Je nna ugonjwa mwingine? Na hii hali inaisha lini?

SHANGAZI: Marahaba mwanangu, na hongera sana, siku sita baada ya miaka yote hiyo sio kitu kidogo. Washkaji zako wamekosea. Arosto ya bangi ipo, mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani waliiandika rasmi kwenye kitabu chao cha kutambulia magonjwa, na mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyokusanya tafiti 47 za wavutaji wa mara kwa mara na wategemezi, ikaonekana karibu nusu yao, asilimia 47, walikuwa nayo. Anayevuta mara moja moja kwenye sherehe hataipata, ndo maana atakuapia kabisa kwamba haipo. We uliyevuta asubuhi jioni na usiku kwa miaka mingi ungeikosa wapi?

Kinachowachanganya watu ni kwamba inakuja polepole. Kile kilevi cha kwenye bangi, THC, kinajificha kwenye mafuta ya mwili na kinatoka kidogo kidogo, kwa iyo siku ya kwanza mtu anajiona mzima kabisa anajisifu, kumbe bado mwilini ipo. Dalili zinaanza kati ya saa 24 na 72 baada ya kuvuta mara ya mwisho, zinapanda, zinafika juu kabisa ndani ya wiki ya kwanza, na wiki ya pili nyingi zinakuwa zimeshashuka. We upo siku ya sita, yaani umeniandikia ukiwa pale pale kwenye kilele. Usingizi na ndoto ndo vinachelewa kidogo, kwa wengine vinafika mwezi na zaidi, nakwambia mapema usije ukafika wiki ya tatu ukakata tamaa.

Kwanini dalili zako zimetawanyika hivo, usingizi, jasho, njaa, hasira, vyote kwa pamoja? Ubongo una vipokezi vinaitwa CB1, na havikuwekwa pale kwa ajili ya bangi, mwili una kemikali zake wenyewe za kuvigusa, moja wanaiita anandamaidi, iligunduliwa mwaka 1992. Kupitia vipokezi hivo mwili unapanga usingizi, hamu ya kula, hofu, maumivu na hata joto. Sasa ukiumwagia THC kila siku ubongo unajikinga, unapunguza vipokezi. Jirani akipiga muziki mkubwa usiku na mchana utaziba masikio kwa pamba, na siku akizima bado una pamba masikioni, hata anayekuita kwa sauti ya kawaida humsikii. Ndo ulipo. Kemikali yako ya asili ipo lakini mpokeaji amepungua, kwa iyo kila kitu alichokuwa anakisimamia kimeyumba kwa wakati mmoja. Habari njema ni kwamba vinarudi. Wavutaji wa kila siku wamepigwa picha za ubongo baada ya kuacha, na vipokezi vilianza kurudi ndani ya siku mbili tu, na wiki kama nne baadaye tofauti yao na watu wasiovuta ilikuwa imekaribia kuisha.

Tuje kwenye usiku maana vita yako ipo hapo. Bangi inabana kile kipande cha usingizi chenye ndoto nyingi, ndo maana wavutaji wengi husema hawaoti. Ukiacha, ubongo unalipiza ndoto zote zilizozuiwa, zinakuja nyingi, zina rangi, nyingine za kutisha. Na kuna moja huenda ikaja kama haijaja bado, utaota unavuta, utaamka moyo unaenda mbio unajiuliza nimeharibu? Hujaharibu, hujavuta, wengi wanaoacha wanaiota hiyo.

Kabla ya kulala andaa kabisa, weka pembeni shuka lingine na fulana kavu na maji ya kunywa, ukiamka umelowa unabadilisha unarudi kitandani, huanzi kuwasha taa na kutafuta tafuta vitu mpaka usingizi ukimbie. Chumba kiwe na hewa. Ukikaa kama dakika 20 hujalala usibaki unapigana na mto, toka, kaa sehemu nyingine kwenye mwanga hafifu, soma chochote kinachochosha, simu iache mbali, ukisikia macho yanazama ndo urudi. Asubuhi amka saa ile ile hata kama umelala masaa mawili, hii ndo ngumu kuliko zote na ndo inayosaidia kuliko zote, maana ukilala mchana kufidia umeshauza usiku unaofuata. Kahawa na vinywaji vya kuchangamsha, mwisho saa sita mchana. Na ujue kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, moshi, hasa wa tumbaku, unafanya ini livunje kafeini haraka, ukiacha moshi kikombe kile kile ulichozoea kinakaa mwilini muda mrefu zaidi na kinakupa mapigo ya moyo na wasiwasi unaodhani ni arosto. Punguza, hata nusu. Mazoezi fanya, kutembea haraka haraka mpaka utoe jasho inatosha, ila fanya mchana au jioni mapema.

Chakula usijilazimishe sahani nzima. Kula kidogo kidogo mara nyingi, vitu laini, kunywa maji maana jasho linakukausha na kichwa kinachouma pengine nusu yake ni ukavu huo. Dawa ya kawaida ya maumivu unaweza kunywa kwa kipimo kilichoandikwa. Hamu ya kula ndo kati ya vitu vinavyorudi mapema.

Sasa huyu aliyekwambia vuta nusu ulale. Mwanangu, wengi wanaorudi hawarudi kwa kutamani stimu, wanarudi kwa kutafuta usingizi na kwa kukimbia hasira, na wanarudi siku kama hizi zako, saa nane usiku, kwa nusu. Ile nusu itakulaza kweli, siwezi kukudanganya, alafu kesho usiku mwili utakuja kuidai, na mateso ya siku sita ulizolipa tayari unaanza kuyalipa tena. Pombe pia usiifanye mbadala, inakulaza masaa mawili matatu alafu inakuamsha, na nimeona watu wametoka kwenye jani wakaingia kwenye chupa. Vidonge vya usingizi vya kununua kimya kimya ndo kabisa, kuna aina zinazoshika mtu kuliko hata bangi yenyewe. Mpaka sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa maalum kwa arosto ya bangi, ila daktari anaweza kukusaidia usingizi kwa muda mfupi akiona inabidi, mwendee umweleze ukweli wote. Ushauri nasaha nao unasaidia sana, yale mazungumzo ya kufundishwa kutambua nini kinakuwasha hamu na ufanye nini ikija.

Hamu yenyewe inakuja kama wimbi, mara nyingi haizidi nusu saa. Ikija usikae nayo chumbani peke yako, oga, toka nje, mpigie mtu. Na bosi mwombe radhi kwa maneno mafupi, mwambie siku hizi hulali vizuri na unalishughulikia, mengine sio lazima ayajue.

Kitu cha mwisho kwako, na wengine wote mkisikie. Degedege, kuchanganyikiwa usijue upo wapi, kusikia sauti, au mawazo ya kujidhuru, hizo sio arosto ya kawaida ya bangi, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Degedege hasa inamaanisha pengine kulikuwa na pombe au vidonge pembeni, au ile bangi ya kutengeneza ya maabara ambayo arosto yake ni kali na ya hatari zaidi. Kama ulikuwa unachanganya usijiachishe mwenyewe nyumbani.

SWALI: Shangazi shikamoo, mume wangu ameacha bangi wiki hii baada ya mimi kumbembeleza miaka. Nilidhani nitafurahi. Jana mtoto kaangusha kijiko tu chini, baba yake kapiga kelele mpaka mtoto kalia na mimi nikatetemeka. Akivuta alikuwa mpole. Nimeanza kuwaza bora arudie tu, nakosea?

SHANGAZI: Marahaba mama, pole sana. Hukosei kuwaza hivo, umechoka na umeogopa. Hasira za ghafla ndo dalili inayotajwa sana kwa wanaoacha bangi, na kijiko kikianguka kwake kwa sasa kinalia kama bati, mishipa ipo wazi. Zinapanda wiki ya kwanza kisha zinashuka. Ule upole uliouona ulikuwa wa moshi, na upole wake mwenyewe utauona tena akishatulia, mpe wiki mbili tatu.

Kaeni mkubaliane saa ambayo ametulia, sio katikati ya ugomvi, kwamba akisikia inapanda anasema neno moja, natoka, na anatoka kweli kutembea, na we humfuati wala humuulizi unaenda wapi na nani. Wewe nawe kipindi hiki yale mazungumzo mazito ya hela na ya ndugu yaweke pembeni kidogo. Mtoto aambiwe kwa lugha yake kwamba baba anaumwa kidogo na hajamkosea baba. Usimnuse nguo kila akiingia, najua hamu unayo, lakini mtu anayejitahidi akinuswa kila siku anajiona ameshahukumiwa.

Ila naomba unisikie vizuri hapa. Arosto inaeleza hasira, haimpi mtu ruhusa ya kupiga. Akiinua mkono kwako au kwa mtoto, chukua mtoto nenda kwa ndugu au kwa jirani unayemwamini, hayo ya arosto yatazungumzwa na wakubwa mkiwa salama.

SWALI: Mambo shangazi, mi nilikuwa nasokota bangi na tumbaku ndani. Nimeacha bangi nimebaki na sigara, sasa sigara zimeongezeka mara mbili. Niache zote kwa mpigo au moja moja?

SHANGAZI: Poa mwanangu. Kila msokoto ulikuwa na nikotini ndani, kwa iyo ulikuwa na vilevi viwili ukajua una kimoja, na sehemu ya mahangaiko yako ya sasa ni nikotini ndo inadai. Mimi nakushauri uache zote kama unaweza kupata msaada, maana sigara mkononi na kiberiti mfukoni vinakukumbusha jani kila saa. Nikotini bahati nzuri ina dawa, kuna viraka vya kubandika kwenye ngozi na jojo za nikotini, ulizia duka la dawa au zahanati. Kama zote kwa mpigo ni mzigo mkubwa basi bangi kwanza, ila idadi ya sigara ifunge kabisa isipande. Na kama unatumia dawa za akili za kila siku, mwambie daktari wako kwamba umeacha moshi, kuna baadhi kiwango chake kwenye damu kinapanda mtu akiacha kuvuta.

SWALI: Nimeitwa kazini kupimwa mkojo na nimeacha wiki mbili zilizopita. Watu wananiambia ninywe maji ndoo nzima, wengine limau, wengine siki. Kipi kinasafisha haraka?

SHANGAZI: Hakuna hata kimoja. Aliyevuta mara moja anaweza kuwa safi baada ya siku kama tatu, aliyekuwa anavuta kila siku anaweza kuonekana hata baada ya siku 30 na zaidi, yote kwa sababu ya yale mafuta niliyoyaeleza juu. Kipimo kinatafuta mabaki, hakisemi ulivuta lini. Maji ndoo nzima usinywe mwanangu, yanaweza kushusha chumvi kwenye damu mpaka mtu akaanguka. Kama unao uwezo wa kusema ukweli kwamba uliacha na lini, sema kabla ya kupima, baada ya majibu hamna atakayekuamini.

SWALI: Shangazi mi bado sijaacha, navuta miaka kumi sasa. Mwaka huu natapika vibaya, tumbo linauma, naoga maji ya moto ndo napata nafuu, siku nyingine naoga mara tano. Nikivuta nadhani itatuliza tumbo lakini wapi. Nimetibiwa vidonda vya tumbo sijapona.

SHANGAZI: Ndugu yangu umeniandikia picha kamili. Kuna ugonjwa wa kutapika unaowapata wanaovuta bangi kwa muda mrefu, madaktari wa Australia waliuelezea mwaka 2004, na alama yake kubwa ni hiyo hiyo ya maji ya moto. Wengi wanazunguka miaka wakitibiwa tumbo kwa sababu kwa daktari hawataji bangi. Taja. Mwambie kabisa natapika, naoga maji ya moto napata nafuu, navuta kila siku kwa miaka kumi. Akithibitisha, tiba inayodumu ni kuacha kabisa, na inaweza kuchukua wiki kadhaa tumbo litulie, ukirudi kuvuta nayo inarudi. Ukitapika mpaka maji hayakai na mkojo unakuwa mchache na mweusi, kimbia hospitali, figo zinaweza kuharibika. Na wewe unayeacha ukapata kichefuchefu usiogope ukadhani ni huu, wa arosto unaanza baada ya kuacha na unaisha wenyewe.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 19, ameacha bangi mwezi sasa lakini anajifungia, anasema majirani wanamsema kupitia ukuta, anaziba madirisha. Ndugu wanasema arosto itapita, wengine wanasema karogwa.

SHANGAZI: Mama mwenzangu, usisubiri. Mwezi umepita, na kusikia watu wakimsema ukutani sio arosto. Bangi nyingi katika umri mdogo inaongeza uwezekano wa ugonjwa wa akili wa aina hii, hasa kwa mwenye damu ya ugonjwa huo kwenye ukoo, na inaweza kubaki hata baada ya kuacha. Mpeleke hospitali yenye kitengo cha afya ya akili wiki hii, leo ukiweza, unavyowahi ndo matibabu yanavyoshika. Usibishane naye kwamba hamna sauti, yeye anazisikia kweli, mwambie naona unaogopa na nataka tukapate msaada, nitakuwa na wewe muda wote. Dua zenu endeleeni nazo, ila dawa zianze. Na hujamlea vibaya mama, hilo nimelisoma kwenye kila mstari wa barua yako hata pale ambapo hukuliandika.

SWALI: Nilikaa wiki tatu bila kuvuta, jana nimevuta. Naona aibu. Naanza upya sifuri?

SHANGAZI: Hapana. Msokoto mmoja haufuti wiki tatu, vipokezi vilivyorudi havikimbii vyote usiku mmoja, tatizo ni wa leo na wa kesho ukisema basi nimeshaharibu. Chukua karatasi uandike jana ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani, ulikuwa umekula, umegombana na mtu, ulikuwa na hela mfukoni? Majibu ya hapo ndo yatakwambia ujilinde wapi. Kama ilikuwa kijiweni jioni, leo jioni hiyo uwe kwa dada yako au uwanjani au popote palipo na watu wasiovuta, na namba ya yule anayekuuzia ifute kabla hujamaliza kusoma hapa. Alafu niandikie tena, nataka kujua usiku wako wa leo ulikwendaje.